Tambi za Mchele kwenye Karai la Kilwa

Tambi zilizozoeleka majumbani Kilwa Masoko ni za ngano, zile za kupikwa kwa sukari, iliki na tui. Wathai wana zao za mchele, nyeupe na bapa. Mlo wao wa tambi hizo, pad thai, ulienea nchini mwao miaka ya 1930 na 1940, serikali ya waziri mkuu Phibun Songkhram ilipouhimiza uwe chakula cha taifa.

Mpishi wa Kilwa ana vingi tayari. Uchachu wa pad thai hutokana na ukwaju, tunda la mti wenye asili ya Afrika. Kamba huvuliwa pwani ya Kilwa, na korosho za Lindi zinashika vizuri nafasi ya karanga.

Kazi ipo kwenye maji na moto. Tambi hazichemshwi, hulowekwa nusu saa hivi, hadi zipindike bila kukatika huku kiini kikiwa bado kigumu. Karai lipate moto mkali. Hutangulia kitunguu saumu, kisha kamba, wanaoopolewa mara tu wanapogeuka wekundu, maana wakizidi huwa kama mpira. Tambi hufuata, pamoja na maji mazito ya ukwaju, sukari guru na sosi ya samaki. Asiye nayo atie chumvi. Yai huvunjwa pembeni mwa karai. Kamba hurudishwa mwisho, pamoja na choroko zilizochipua na korosho zilizopondwa.

Pika sahani mbili kwa mkupuo, si zaidi: karai likijaa, moto hupoa na tambi hugandana. Na kabla ya kumpakulia mgeni, muulize kama kamba au korosho humdhuru.