Vita Vyenu Vilianza Mwaka Gani?

(Muziki wa kipindi, kisha unashushwa. Mtangazaji peke yake.)

Leo hatuna mgeni studio. Nazungumza mwenyewe, na nimeandika kila neno ili nisiteleze, maana habari ya leo ni ya vita.

Nianzie bombani. Majuzi vijana wawili, mmoja Mkongomani na mmoja Mrundi, waligombana kwa ajili ya dumu lililosogezwa mbele ya mstari. Matusi ya kawaida yangeishia hapo. Lakini mmoja akasema, "Nyinyi ndio mliotuletea vita." Mwenzake akajibu, "Vita gani? Sisi tulikuwa tunakufa hata nyinyi hamjajua bunduki." Wazee wakaingilia kati, madumu yakarudi kwenye mstari, hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na dumu langu. Huyo wa kwanza namfahamu, alizaliwa hapa hapa Nyarugusu. Huyo wa pili alifika mwaka 2015 akiwa mtoto. Vita walivyokuwa wakitupiana, vya 1996 na vya 1972, hakuna kati yao aliyekuwepo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu swali moja: vita vyenu vilianza mwaka gani?

Mzee wa Kirundi alinijibu bila kufikiri: 1972. Mama mmoja, naye Mrundi, akasema 1993, mwezi wa kumi. Jirani yetu wa Fizi akasema 1996, na hakuelewa kwa nini ninauliza kitu ambacho kila mtu anakijua. Mtu wa Makobola atakutajia mwisho wa mwaka 1998, siku zile za kuamkia mwaka mpya, raia walipouawa kwa mamia. Ukimuuliza Mnyamulenge aliyekuwa Burundi, huenda akakutajia Agosti 2004, usiku ule wakimbizi zaidi ya 150 walipouawa katika kambi ya Gatumba, mpakani kabisa na Uvira.

Kila mmoja anasema kweli. Ila angalia vizuri: kila mmoja anaanza kuhesabu siku ile alipoumizwa yeye. Yaliyotangulia hayapo. Ndiyo maana kila mtu katika hesabu yake ni mtu aliyekuwa amekaa tu, akavamiwa.

Sasa tupange tarehe hizi kwenye mstari mmoja, kama madumu, tuone.

Bibi yangu, na wazee wa Fizi wanisamehe, najua kwetu bibi ni mke, lakini mimi nimekulia huku, bibi yangu anaanza na 1964. Wakati huo Kongo ilikuwa na uhuru wa miaka minne tu, na Lumumba alikuwa ameshauawa, Januari 1961. Waasi walioitwa Simba waliteka sehemu kubwa ya mashariki. Vijana walimwagiwa maji ya dawa wakaambiwa risasi haitaingia. Bibi alikuwa msichana mdogo. Alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na mama yake, wakakaa upande wa Kigoma, kisha wakarudi. Milima ya Fizi haikutulia. Kundi la Laurent Kabila lilikaa huko miaka mingi sana, na mwaka 1996 jina hilo hilo likasikika tena, safari hii mbele ya jeshi linalokwenda Kinshasa.

Mwaka 1972, mwisho wa Aprili, uasi ulizuka kusini mwa Burundi, pande za Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wengi waliuawa. Kisha jeshi la serikali likaanza kuwaua Wahutu, nchi nzima, kwa miezi. Walitafutwa hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani. Waliouawa wanakadiriwa kuwa laki moja na zaidi. Waliokimbilia Tanzania walipelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine walivuka kwenda Uvira na Fizi, wakalima pamoja na watu wetu.

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa baada ya kukaa madarakani miezi michache tu. Watu wakauana tena, Wahutu na Watutsi, na wakimbizi wakamiminika tena Uvira na Tanzania. Aprili 1994 yakaanza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, siku kama mia moja, watu wapatao laki nane. Mwisho wa mwezi huo huo watu kama laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Julai wengine wapatao milioni moja waliingia Goma, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu. Katikati ya hao walikuwemo walioua, na silaha zao. Kambi za Kivu zikawa na wakimbizi wa kweli na wanajeshi waliojificha nyuma ya wakimbizi, wote kwenye mgao mmoja. Ukisikia leo kwamba kambi haitakiwi kuwa na silaha wala mikutano ya kijeshi, usidhani ni ukali wa bure.

Oktoba 1996 vita vikaanza Kivu ya Kusini. Hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa kitandani. Mwezi huo huo Uvira ikaanguka. Kambi za Warundi zilizokuwa tambarare ya Ruzizi zikatawanyika, na watu wetu wa Uvira na Fizi wakakimbilia ziwani. Kambi hii unayoishi ilifunguliwa mwaka huo kwa ajili yao. Mobutu akaanguka Mei 1997. Agosti 1998 vita vya pili vikaanza, na majeshi ya Rwanda, Uganda na Burundi yakawa upande mmoja, ya Angola, Zimbabwe na Namibia upande mwingine, yote ndani ya nchi moja. Serikali ya mpito iliundwa 2003. Bunduki, unajua mwenyewe, hazikuisha.

Kwa hiyo Mrundi wa bombani na Mkongomani wa bombani walikuwa wanagombania habari moja. Baba za huyu walipokimbia 1972 na 1993 walipokelewa na baba za yule. Kisha vita vikawafuata kule walikopokelewa, vikawafukuza wote.

Tena mtu akitaka anaweza kurudi nyuma zaidi. Nyinyi mliotolewa Kagunga mwaka 2015, wengi wenu mlipanda meli ya Liemba hadi Kigoma. Meli hiyo Wajerumani waliileta vipande vipande, wakaiunganisha Kigoma na kuishusha majini mwaka 1915 wakiwa vitani na Waingereza na Wabelgiji. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe wasinyang'anywe, baadaye ikaopolewa. Vita vile vilikuwa vya Wazungu, lakini waliobeba mizigo ya pande zote ni watu wa huku, na waliokufa njiani kwa njaa na kuhara ni wengi kuliko askari.

Nimetaja kuhara, na hapo nataka nikae kidogo.

Shirika la IRC lilifanya uchunguzi na kukadiria kwamba kati ya 1998 na 2007 watu milioni 5.4 walikufa Kongo ambao wasingekufa kama kusingekuwa na vita. Wako wataalamu waliosema hesabu hiyo ni kubwa mno, na wamebishana sana. Lakini jambo moja halibishaniwi: wengi wa waliokufa hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia, surua, na njaa. Zahanati ikiporwa, dawa hakuna. Muuguzi amekimbia, basi chanjo imesimama. Mihogo imeoza shambani kwa sababu anayekwenda kuing'oa harudi. Chumvi haipatikani. Mama anajifungulia porini. Mtoto anakunywa maji ya mtoni walikopita watu elfu kumi.

Mimi nina kaka ambaye sikumwona. Alikuwa na miaka miwili baba na mama walipoondoka kijijini mwaka 1996. Walikaa porini wiki tatu wakisubiri mtumbwi. Baba alikuwa fundi cherehani, na mwenye mtumbwi alidai kichwa cha cherehani ndiyo nauli. Siku waliyokubaliana bei, kaka alikuwa ameshazikwa. Nilipokuwa mdogo nikiuliza, baba alisema, "Alikufa kwa kuhara." Hakusema hata siku moja kwamba mtoto wake alikufa vitani. Mpaka nilipokuja kusoma habari ya uchunguzi ule ndipo nikamwambia, "Baba, huyu naye ni wa vita." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kuna mahali wanaandika majina yao.

Najua kuna nyumba nyingi hapa zenye mtoto wa namna hiyo.

Sasa tufike kwenye shule. Kwa miaka mingi watoto wa Kikongomani hapa wamesoma mtaala wa Kongo, na watoto wa Kirundi walisoma mtaala wa Burundi. Sababu yake inaeleweka, ilikuwa ili wakirudi nyumbani waendelee na masomo. Lakini maana yake ni kwamba nimemaliza sekondari katika kambi yenye maelfu ya Warundi bila kufundishwa kwamba kulikuwa na 1972. Na jirani yangu Mrundi, msichana mwerevu kuliko mimi, hakuwa amesikia neno Makobola. Tunachota maji bomba moja, tunauziana mchicha soko moja, na kila mmoja amefundishwa nusu yake. Ile nusu nyingine tunaachiwa tuipate kwenye matusi.

Nyumbani napo wazazi wananyamaza. Siwalaumu. Anayenyamaza anadhani anamlinda mtoto. Lakini mtoto hukaa hivyo hivyo akiokota vipande: neno moja kwenye msiba, neno moja mzee akiwa amelewa, neno moja kwenye simu. Vipande hivyo anavishona mwenyewe, na nguo inayotoka ni ile ya bombani.

Na kuna kipande kimoja ambacho karibu hakuna nyumba inayokitoa. Nitasema changu, nisije nikaonekana nafundisha watu.

Nina baba mdogo. Nilikuwa najua alichelewa kuja kambini, alifika mwaka 2003. Nilikuwa nikidhani alikuwa amepotea tu. Mwaka jana nilimwomba baba anisimulie safari yote tangu mwanzo, na alisimulia vizuri, pori, mtumbwi, kichwa cha cherehani, mpaka nikamuuliza baba mdogo alikuwa wapi miaka ile saba. Baba akainuka, akaenda kufunga mbuzi ambaye alikuwa tayari amefungwa. Aliporudi alisema maneno matatu: "Alibeba bunduki yao." Sikuuliza ni akina nani. Mpaka leo sijui alifanya nini. Ni mtu mpole, ananiletea muwa kila akitoka sokoni.

Lakini tangu jioni ile najua kwamba huenda kuna mtu, labda yuko Nakivale, labda Bujumbura, labda zoni ya pili kutoka hapa, ambaye ukimuuliza vita vyenu vilianza lini, atataja siku baba yangu mdogo na wenzake walipoingia kijijini kwao. Na atakuwa anasema kweli kama jirani yangu wa Fizi.

Kwa hiyo nina ombi, na ni ombi dogo. Mzazi, mtoto wako akikuuliza, mpe mwaka. Sema "ilikuwa 1996", sema "ilikuwa 1972", usiseme "zamani zile za vita". Ukishasema mwaka, ongeza swali moja: kabla ya hapo kulikuwa na nini? Kama hujui, mtume kwa mzee wa upande mwingine, akamsalimie na kumuuliza kwa heshima. Wazee wa Kirundi niliowaendea kwa ajili ya kipindi hiki walinikaribisha wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa mgonjwa.

Kama kusimulia kunakuumiza, kama ukianza usingizi unapotea au mwili unatetemeka, usijilazimishe wala usimlazimishe mkeo au mumeo. Pale kituo cha afya wapo washauri, na kwenda kwao si wazimu.

Wiki ijayo tutakuwa na wazee wawili studio, mmoja aliyekimbia 1972 na mmoja aliyekimbia 1996. Tumekubaliana nao kwamba hakuna atakayetaja jina la mtu hewani, wala la kijiji cha mtu aliye hai, kwa usalama wa wote. Nawe ukitaka kutuma mwaka wako, andika kwenye karatasi, usiandike jina, uitie kwenye sanduku la maoni lililo mlangoni kwetu. Andika mwaka, mahali, na nani aliyewapokea mlipofika. Hilo la mwisho usilisahau. Tutazisoma zote kama zilivyo, kwa kufuata mwaka, hata kama itachukua vipindi vitatu.

Wa kwanza nimeshaitia mwenyewe. Ni ya bibi: 1964, mtumbwini, walipokelewa na mvuvi wa Kigoma aliyewapa dagaa na chumba cha nyavu.

(Muziki unapanda.)