Kilima hakiagizwi kwa meli

Mazungumzo yetu ya leo yanawafikia kutoka Al Rayyan, manispaa inayopakana na Doha kwa upande wa magharibi, nchini Qatar. Nimekusudia tuzungumze juu ya baiskeli za milimani, yaani zile zenye matairi mapana na gia nyingi, zinazoendeshwa katika njia za mawe na udongo. Huenda baadhi yenu mkauliza ni kwa nini jambo la milimani lizungumzwe kutoka nchi isiyo na mlima hata mmoja. Jibu langu ni kwamba aghalabu thamani ya kitu huonekana vizuri zaidi mahali ambapo kitu hicho hakipo.

Mtu akisimama hapa Al Rayyan na kutazama huku na huku, kitu kirefu kuliko vyote atakachokiona ni mnara wa The Torch, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Asia ya mwaka 2006. Mnara huo una urefu wa mita 300. Mahali pa juu kabisa katika ardhi ya Qatar, pale Qurayn Abu al Bawl upande wa kusini, pana mita 103 tu kutoka usawa wa bahari. Basi jengo moja la mjini limeishinda nchi nzima kwa urefu, tena karibu mara 3.

Wenyeji wa hapa hawakukosa fedha wala ari ya kujenga. Maji ya kunywa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi. Majani mabichi yameoteshwa juu ya mchanga. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2022, viwanja 3 kati ya 8 vilivyotumika vilikuwa katika manispaa hii: Khalifa International, Ahmad bin Ali na Education City. Katika bustani za umma vipo hata vilima vilivyotengenezwa na watu. Lakini mwendesha baiskeli hufika juu ya vilima hivyo kabla pumzi haijaanza kumwenda mbio. Wanaotamani njia ya mawe huenda magharibi, kule Zekreet, ambako upepo umeyachonga majabali ya chokaa. Na wakati wa kiangazi huondoka kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu likishapanda hakuna anayeweza kushindana nalo.

Mwezi Oktoba mwaka 2016, Doha iliandaa mashindano ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika Mashariki ya Kati. Mbio za wanawake zilianzia Education City na zile za wanaume zilianzia Aspire Zone, na pote pawili ni hapa Al Rayyan. Wanaume walikwenda zaidi ya kilomita 250 bila kukutana na mpando wa kutajwa. Kazi ya mlima ilifanywa na upepo wa jangwani. Uliwapiga ubavuni, Wabelgiji wakautumia kuongeza kasi, na msafara ukakatika vipande vipande. Mwishoni Peter Sagan wa Slovakia alimshinda Mark Cavendish wa Uingereza katika mbio za mita za mwisho.

Miaka 9 baadaye, mwezi Septemba mwaka 2025, mashindano hayo hayo yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, na jumla ya mipando yake ilizidi mita 5,400. Tadej Pogačar wa Slovenia aliibuka bingwa, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wataalamu wa mchezo huo waliyahesabu miongoni mwa mashindano magumu kuliko yote katika historia yake. Rwanda ilitengeneza barabara, hoteli na usalama, lakini haikulazimika kujenga mpando hata mmoja. Mipando ilikuwapo tangu zamani, na kwa miaka mingi wenyeji waliijua kama adha ya kupandisha ndizi, maji na viazi.

Hayo yalikuwa mashindano ya lami. Baiskeli ya njia za udongo ina historia iliyo karibu zaidi na maisha ya watu wetu, na ningependa tuitazame kidogo.

Baiskeli ya milimani kama tuijuavyo leo ilianzia katika kaunti ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani, zenye gia moja na matairi manene, wakawa wanazipandisha milimani na kuziteremsha kwa kasi. Mwezi Oktoba mwaka 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja walioupa jina la Repack. Jina hilo lilitokana na breki. Breki za wakati ule zilikuwa za kukanyagia pedali kinyumenyume, na katika mteremko ule zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, hivyo baada ya kushuka ilibidi zifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kutokana na shida hiyo, watu kama Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey walianza kutengeneza baiskeli mpya, zenye fremu imara, gia nyingi na breki za kuaminika. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki kule Atlanta.

Sasa tutazame upande wa mashariki ya Kongo. Katika vilima vya Kivu Kaskazini kuna chombo kiitwacho chukudu. Ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala mnyororo, na kimebeba uchumi wa mji wa Goma kwa miaka mingi. Mwenye chukudu hupakia makaa, kabichi au viazi huko juu, kisha huteremka mjini, huku akipunguza mwendo kwa kukanyaga kipande cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma. Wenyeji wameuheshimu mchango wake kwa kuusimamishia sanamu mjini Goma. Nataka msikilizaji aone kwamba kijana wa California na kijana wa Kivu walikutana na swali lile lile: namna ya kuzuia gurudumu linapokimbizwa na mteremko. Wa kwanza alilijibu kwa ajili ya starehe na wa pili kwa ajili ya riziki.

Njia hizo mbili zilikutana mwishoni mwa mwaka 2005, pale Tom Ritchey huyo huyo alipozuru Rwanda na kuwaona wakulima wakishuka na baiskeli za mbao. Kutokana na ziara hiyo ulizaliwa mradi wa baiskeli ndefu za kubebea kahawa, na baadaye timu ya taifa iliyofunzwa na Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Katika timu hiyo alitokea Adrien Niyonshuti, aliyepoteza ndugu zake 6 katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka 2012 alibeba bendera ya Rwanda katika ufunguzi wa Olimpiki ya London, kisha akashindana katika mbio za baiskeli za milimani kule Hadleigh Farm na kumaliza akiwa wa 39. Nambari hiyo haikumpa medali, lakini wako waliotoka katika nchi tajiri ambao hawakuufikia mstari wa mwisho.

Nchini Kenya nako, David Kinjah wa Kikuyu aliwakusanya vijana wa kijijini na kuwafunza kuendesha na kutengeneza baiskeli za milimani. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France mara 4, katika miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Froome aliiwakilisha Kenya katika miaka yake ya mwanzo. Ushindi wake wote huo ulihesabiwa kwa Uingereza. Walimu na vilima tulikuwa navyo, lakini ngazi iliyofuata alilazimika kuitafuta kwingine.

Ngazi hiyo ikoje? Tutazame kisiwa cha Elba, katika bahari ya Mediterania, upande wa Italia. Wengi wanakijua kwa sababu Napoleon alipelekwa huko uhamishoni mwaka 1814. Ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba 224, lakini mlima wake mkubwa, Monte Capanne, unapita mita 1,000. Kwa karne nyingi watu walichimba chuma huko, hadi migodi ya mwisho ya upande wa Capoliveri ilipofungwa mwaka 1981. Zikabaki njia za wachimbaji zilizozunguka mlima. Wenyeji walizifyeka, wakaziwekea alama na kuzifungua kwa waendesha baiskeli. Mwaka 2021 Capoliveri iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za baiskeli za milimani.

Nikitazama kisiwa hicho, mawazo yangu huenda Pemba. Pemba ni kubwa kuliko Elba zaidi ya mara 4. Vilima vyake si virefu, lakini ni vingi, na kati ya kilima na kilima kuna bonde la mpunga. Njia za wachuma karafuu zimepenya kila ubavu, kuanzia Mkoani hadi msitu wa Ngezi. Kule Lushoto, katika milima ya Usambara, wapo waongozaji wanaowapitisha wageni kwa baiskeli katika vijiji. Katika hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya, wageni hukodi baiskeli langoni na kupita kati ya pundamilia. Kwa hiyo jambo hili si ndoto; limekwisha kuanza. Swali ni nani atafaidika nalo na njia zitadumu muda gani.

Kuhusu njia, wataalamu wana kanuni mbili zilizo rahisi. Kwanza, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita, na kwa wastani usipite asilimia 10. Pili, njia ikate ubavu badala ya kushuka moja kwa moja, ili maji ya mvua yavuke na kwenda zake. Njia iliyoshuka wima hugeuka mfereji katika masika moja, na mwaka wa pili huwa korongo. Mkulima wa Usambara au wa Kigezi hahitaji mgeni wa kumweleza hayo. Anafaa aajiriwe kama fundi wa njia, maana elimu hiyo anayo.

Kuhusu faida, historia inatuonya. Mwaka 1955 wakulima wa Uluguru, karibu na Morogoro, waliandamana kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta milimani. Hawakuwa wajinga wa kuhifadhi udongo. Walichokataa ni kuamriwa juu ya ardhi yao wenyewe. Mashindano ya baiskeli yanayopita katika shamba la mtu bila idhini yake yatakuwa na mwisho wa namna hiyo. Mwenye karafuu zake zilizoanikwa juu ya jamvi kando ya njia ana haki ya kuulizwa kabla gurudumu la kwanza halijapita, na kulipwa baada ya la mwisho.

Sisemi kwamba baiskeli itaondoa umaskini. Baiskeli nzuri ya milimani ina bei kubwa, na vipuri vyake havipatikani kwa fundi wa kijijini aliyezoea Phoenix ya gia moja. Mtu akianguka bondeni, hospitali huenda iko mbali. Hayo yote yanahitaji fedha na mipango. Lakini yote hayo yanaweza kununuliwa, na kilima hakinunuliwi.

Wazee wetu walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Hapa Qatar hukutana vijana wengi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Wengine ni walinzi wa malango, wengine madereva, wengine wahudumu wa hoteli. Wengi wamekulia katika vilima ambavyo vingewapa waendesha baiskeli wa hapa furaha ya mwaka mzima, na wameviacha kwa kuwa havikuwapa riziki. Hakuna wa kuwalaumu. Lakini halmashauri za wilaya na vyama vya michezo huko nyumbani vinapopanga bajeti, vifikirie kwamba kijana anayeijua kila kona ya mlima wake anaweza kuwa mwongozaji, fundi, mwokoaji au bingwa, bila kuuacha mlima huo.