Printa na Programu za Picha: Tuchague Nini kwa Vikundi Vyetu?

*Mada hii ilitolewa Kahama mbele ya wanakamati wa parokia na wafadhili wanaosaidia vikundi vya vijana wapenda picha.*



Maombi mengi yanayoletwa mezani kwenu yanaeleweka upesi: kisima, madawati, bati za zahanati. Ombi la vijana wanaopiga picha kwa kupenda, wanaotaka printa na programu ya kuhariri, halieleweki upesi namna hiyo. Wapo wanaolikataa kwa kusema ni anasa. Wapo wanaolikubali haraka kwa sababu printa hununuliwa na kukabidhiwa siku hiyo hiyo, na picha ya makabidhiano ikapelekwa kwa mfadhili. Sisi tunaomba kwanza tupige hesabu, ndipo tuamue.

Kwa nini picha ya karatasi

Katika familia nyingi za Kahama, Msalala na Ushetu, mtu akifariki, ndugu huanza kutafuta picha yake ya kuweka mbele ya jeneza. Mara nyingi inayopatikana ni ndogo ya kitambulisho, ambayo ikikuzwa sura haitambuliki. Si kwamba marehemu hakupigwa picha. Alipigwa nyingi, lakini zilikaa ndani ya simu, na simu imeibiwa, imeharibika au ina namba ya siri aliyoijua yeye peke yake.

Eneo letu ni la watu wanaokuja na kuondoka. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha dhahabu 2001, Buzwagi ukafuata 2009, na Buzwagi ukafunga uzalishaji 2021. Wengine huja kwa ajili ya mpunga, wengine kwa machimbo madogo. Kijana aliyepiga picha hapa na wenzake leo, mwakani huenda yuko Geita au Chunya. Kinachobaki ni kile kilichosafishwa na kuwekwa kwenye albamu.

Mfano mzuri uko Zanzibar. Capital Art Studio ilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Picha zilizosafishwa pale kabla ya Mapinduzi ya 1964 zinatazamwa hadi leo, kwa sababu ziliwekwa kwenye karatasi na wakapatikana watu wa kuzitunza. Hilo ndilo tunalotaka kwa vikundi vyetu. Swali ni kama printa iliyoombwa itatufikisha hapo.

Bei ya printa si gharama ya picha

Wahenga walisema rahisi ghali, na printa ni ushahidi mzuri wa msemo huo. Watengenezaji wengi huuza printa ndogo kwa bei nafuu, kisha faida yao ikatoka kwenye wino. Kwa hiyo kamati isiulize tu, "Printa ni shilingi ngapi?" Iulize pia, "Picha moja itatugharimu shilingi ngapi?"

Tuchukue hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila kamati iweke bei za duka lake.

- Printa ya kwanza inauzwa 250,000. Katriji zake ni 80,000 na zinatoa picha 80. Wino wa picha moja ni 1,000.
- Printa ya pili ni ya matangi, ile inayojazwa wino wa chupa. Inauzwa 1,000,000. Chupa zake ni 300,000 na zinatoa picha 1,500. Wino wa picha moja ni 200.

Tofauti ya bei za printa ni 750,000, na kila picha inaokoa 800. Kwa hiyo gharama zinalingana kwenye picha ya 938 hivi. Baada ya hapo printa ya matangi ndiyo nafuu. Kikundi kinachotoa picha 100 kwa mwezi kitafika hapo kabla ya miezi 10. Kinachotoa picha 20 kwa mwezi kitahitaji karibu miaka 4, na hiyo ni kama printa itakuwa bado inafanya kazi.

Sasa tuseme studio ya mjini inasafisha picha kwa 1,000, karatasi ikiwa ndani ya bei hiyo. Printa ya kwanza haitaishinda studio kamwe, maana wino wake peke yake unafika bei hiyo kabla ya kununua karatasi. Na kikundi cha picha 20 kwa mwezi kitatumia studio 240,000 tu kwa mwaka mzima. Kwa kikundi kama hicho jibu letu ni wazi: msinunue printa. Wapeni vijana fungu dogo la kusafishia picha studio, na fedha inayobaki inunue kamera, albamu au mafunzo.

Aina za printa

Kikundi chenye kazi ya kutosha kielewe aina hizi.

*Printa ya leza* inafaa kwa fomu, barua na jarida la parokia. Kwa picha za watu haifai. Rangi hazina ulaini unaotakiwa.

*Printa ya wino ya matangi* inatoa picha nzuri kwa gharama ndogo, hasa ile ya rangi sita. Ile ya rangi nne inatosha kwa wanaoanza. Adui yake ni kukaa bure. Wino hukauka kwenye matundu madogo ya kichwa, picha zikatoka na mistari, na kila mara inaposafishwa inakula wino mwingi. Ichape walau ukurasa mmoja wa rangi kila wiki, na ifunikwe kitambaa. Vumbi la kiangazi la Kahama tunalifahamu wote.

*Printa ya utepe*, kama Canon SELPHY, haitumii wino wa maji. Rangi hutoka kwenye utepe kwa joto na kuingia kwenye karatasi maalumu. Pakiti huja na utepe na karatasi pamoja, kwa mfano za picha 108, hivyo gharama ya kila picha inajulikana tangu mwanzo. Hakuna cha kukauka hata ikikaa miezi miwili. Ubaya wake ni kwamba haitoi picha kubwa kuliko saizi ya postikadi, na pakiti ikikosekana hakuna mbadala.

Kabla ya kulipa, mtumeni mtu madukani Kahama mjini aulize wino au pakiti ya printa hiyo hiyo, kwa namba yake ya modeli. Kama mpaka uagizwe Mwanza au Dar es Salaam, ongezeni nauli na muda kwenye hesabu. Jihadharini pia na wino usio na jina. Unaweza kutoa rangi nzuri siku ya kwanza, na baada ya miezi michache ukutani nyuso zikapauka. Hata picha ya wino halisi iwekwe nyuma ya kioo, mbali na jua la dirishani.

Programu: anzeni na za bure na za halali

Photoshop, iliyotoka mara ya kwanza 1990, ni programu yenye uwezo mkubwa na sifa zake ni za kweli. Lakini tangu 2013 kampuni ya Adobe iliyahamishia matoleo yake mapya kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka. Mfadhili akilipa mwaka wa kwanza kisha mradi ukaisha, nani ataendelea kulipa? Malipo yakikoma, vijana hawawezi tena kuhariri kwa programu waliyofundishwa.

Wengi huikwepa gharama hiyo kwa kununua nakala za wizi. Tunawasihi kamati zisikubali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia programu za kompyuta, na nakala hizo mara nyingi huja na virusi vinavyoharibu mafaili yote, pamoja na hesabu za parokia kama kompyuta ni ile ile. Tena hatuwezi kuwafundisha vijana uaminifu kwa kutumia kitu cha wizi.

Njia ya halali na ya bure ipo. GIMP, iliyoanzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, inafanya karibu kila kitu anachohitaji mpenda picha: kukata, kurekebisha mwanga, kuondoa mikwaruzo kwenye picha za zamani. Darktable, iliyotoka 2009, inafaa kwa wenye kamera kubwa wanaorekebisha picha nyingi kwa mpigo. Kwenye simu ipo Snapseed. Zote zikishawekwa zinafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa kikundi kinachonunua bando kwa shida. Kompyuta mpakato yenye betri nzima itawaokoa umeme unapokatika katikati ya kazi.

Lakini hata programu ya bure inaweza kukoma. Picasa ilipendwa sana, na Google wakaifunga 2016. Kwa hiyo picha halisi zitunzwe kwenye mafolda ya kawaida yenye tarehe na jina la tukio, katika nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na nyingine mahali pengine mbali na jengo hilo. Akiba haiozi.

Kabla ya kubofya neno "chapa"

Picha ya inchi 4 kwa 6 inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani kama milioni 2 tu. Simu nyingi zinazidi hapo kwa mbali. Ukubwa wa A4 unahitaji karibu milioni 9. Tatizo huja picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwa sababu hupunguzwa. Ya kuchapwa itumwe kama faili la dokumenti.

Picha ikitoka nyeusi kuliko ilivyoonekana kwenye kompyuta, msiilaumu printa kwanza. Punguzeni mwanga wa skrini, kisha mchape ndogo ya majaribio.

Majaribio hayo yafanywe kwa sura za watu wetu. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ni katika miaka ya 1990 ndipo zilipotolewa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Hadi leo kitufe cha kurekebisha picha chenyewe kinaweza kumfanya bibi yetu aonekane wa kijivu, au mweupe kuliko alivyo. Mwacheni bibi na rangi yake. Na kwa wafadhili tunasema kwa heshima: msiombe, na vijana wasikubali, picha iliyotiwa giza ili mtoto aonekane fukara zaidi.

Picha inaweza kuhatarisha maisha

Jambo la mwisho ni zito. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Kanda ya Ziwa ilishuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo. Watoto wengine walihamishiwa kwenye shule za bweni kama Buhangija, Shinyanga, ili wawe salama. Sasa fikirini: simu nyingi zikiachwa na ruhusa ya mahali, huandika ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa. Macho hayaoni maandishi hayo, lakini anayejua kuyatafuta huyasoma. Picha ya mtoto iliyowekwa hadharani inaweza kumwelekeza mtu mbaya hadi mlangoni.

Tukumbuke kwamba ile njia ya dokumenti, inayolinda ubora wa picha, hulinda pia maandishi hayo ya mahali. Basi zimeni kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu. Kwenye GIMP, wakati wa kutoa picha ya JPEG, ondoeni alama kwenye sehemu ya kuhifadhi taarifa za Exif. Na jina la mtoto lisiandikwe pamoja na jina la kijiji chake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, inatudai uangalifu huo, na sisi tulipaswa kuwa nao hata kabla ya sheria.

Maswali ya kuuliza mezani

Kabla ya kupitisha ombi, kamati iulize:

1. Kikundi kinatoa picha ngapi kwa mwezi, kwa daftari na si kwa makisio?
2. Picha moja itagharimu kiasi gani, wino na karatasi pamoja, na studio inatoza kiasi gani?
3. Wino unapatikana Kahama?
4. Programu ni ya halali, na itaendelea kufanya kazi msaada ukiisha?
5. Nakala tatu zitakaa wapi, na nani ana ufunguo?
6. Nani anaomba ruhusa ya wazazi kabla ya picha ya mtoto kutoka nje?

Kikundi kikijibu maswali haya sita, kipeni printa bila wasiwasi. Kikishindwa, msikifukuze, kipeni daftari, fungu la studio kwa miezi 6, kisha kirudi na hesabu yake. Na kazi ya kwanza ya kila kikundi, chenye printa au kisicho nayo, iwe moja: kila mzee wa jumuiya apigwe picha moja nzuri, isafishwe, na akabidhiwe mkononi angali hai aione mwenyewe.