Mraibu Atibiwe, Mlanguzi Aadhibiwe



Katika vita dhidi ya dawa za kulevya wako watu wa namna mbili ambao mara nyingi huchanganywa: anayetajirika kwa kuuza, na anayeangamia kwa kutumia. Jamii isipowatenganisha, humwangukia mnyonge na kumwacha mwenye nguvu.

Kwa mlanguzi sheria haina kigugumizi. Sheria ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1995, imeweka adhabu kali hadi kifungo cha maisha. Hapo hapana budi kukaza uzi.

Swali gumu ni la mraibu. Wengi husema alijitakia, basi avune alichopanda. Ni kweli kwamba wengi huanza kwa hiari. Lakini heroini ikishazoeleka mwilini, hiari hupungua. Akiikosa kwa saa chache, mtumiaji hupatwa na maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi, hali ambayo vijana wa Dar es Salaam huiita arosto. Kumpiga hakuondoi arosto. Kumfunga bila tiba ni hatari zaidi: akitoka hurudi maskani yale yale, na kwa kuwa mwili umekwisha sahau dawa, kipimo chake cha zamani chaweza kumwua.

Njia bora imekwisha onekana. Mwaka 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ikafuatwa na ya Mwananyamala mwaka 2012, na ya Zanzibar mwaka 2015. Mgonjwa hunywa dawa kila siku mbele ya mhudumu. Dawa hiyo huzuia arosto kwa siku nzima, naye hupata nafasi ya kurudi kazini na kwa jamaa zake. Anayeacha kujidunga huepuka pia kuchangia sindano, ambako ni mlango mpana wa UKIMWI na homa ya ini.

Wako wanaouliza kwa nini fedha za umma ziwatibu waliojitakia. Jibu ni kwamba umma hulipa kwa vyovyote: kwa wizi, kwa magereza na kwa maradhi yanayoenea. Tiba nayo huchukua muda mrefu, na wengine hurudia kutumia kisha wakaanza upya. Wasikatiwe tamaa, kuteleza si kuanguka.

Kwa hiyo mwalimu anayemgundua mwanafunzi anayetumia asikimbilie kumfukuza, maana kumfukuza ni kumkabidhi kwa mlanguzi. Amwite faraghani, azungumze na wazazi, amwelekeze hospitali. Mkuu wa kazi naye ampe mtumishi wake ruhusa ya kuhudhuria kliniki, na siri yake itunzwe. Viongozi wa mitaa wapeleke kwa vyombo vya dola habari za wauzaji, wala wasiridhike kukamata vijana wa vijiweni.

Mlanguzi anyimwe usingizi. Mgonjwa asinyimwe mlango wa kurudi nyumbani.