Bahari ya Lita 20: Kufuga Matumbawe na Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo katika Tangi Dogo



Tangi ninalolizungumzia lina lita 20, sawa na dumu moja la maji. Wengi wanaoanza kufuga viumbe wa baharini huanza na tangi la kiasi hiki wakiamini kuwa udogo ndio urahisi. Hoja yangu ni kwamba linafaa sana kwa matumbawe, kamba na konokono, ila halifai samaki. Na kwamba kazi yake ya kila siku ni moja, kuizuia chumvi isipande.

Hesabu yake ni hii. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, hivyo lita 20 zina gramu 700. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Ikipotea lita 1, gramu zilezile 700 zimo ndani ya lita 19 na kiwango kimekaribia 37. Zikipotea 2, kimekaribia 39. Katika tangi la lita 400 upotevu huo usingemsumbua mnyama yeyote. Mkazi wa pwani, ambaye bahari iko mlangoni pake, hujazia maji ya bahari, na kila lita anayomimina inaongeza gramu 35 juu ya zile zilizobaki. Akijazia lita moja kila siku kwa siku 10, tangi litakuwa na gramu 1,050, zaidi ya 52 kwa lita. Wanyama huwa wamekufa kabla ya hapo, naye hulaumu chakula au ugonjwa. Mvuke hufidiwa kwa maji yasiyo na chumvi, tena yaliyotolewa madini na klorini. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha kimo cha maji, ujazie hadi hapo kila asubuhi.

Joto linakuja pamoja na chumvi. Matumbawe mengi hustawi kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wake. Joto likizidi kwa muda mrefu, tumbawe huufukuza mwani huo, likapauka, na lisipopata nafuu mapema hufa njaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 kwenye miamba mingi ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Katika chumba chenye joto la Februari, feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi mbili tatu bila gharama kubwa, lakini hupunguza kwa kuongeza mvuke. Mwenye feni na ajazie maji mara mbili kwa siku.

Kuhusu usafi, bakteria hubadili amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitrati, na makazi yao bora ni jiwe lenye vinyweleo lililotoka baharini likiwa na viumbe hai. Njia hii ilielezwa mwaka 1961 na Lee Chin Eng wa Jakarta, aliyetumia mawe hai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa tu. Napenda sana kukumbusha kwamba somo hili lilitoka kwa mtu wa pwani ya tropiki, wala si kwenye maabara ya gharama. Subiri wiki kadhaa hadi kipimo kionyeshe kuwa amonia na nitriti hazipo, ndipo uingize mnyama wa kwanza.

Udogo wa tangi una faida yake kubwa. Tumbawe gumu hujenga mifupa kwa kalisi iliyomo majini, nayo hupungua kila siku. Kwenye matangi makubwa watu hununua mashine za kuirudisha. Wewe badilisha lita 4 kila wiki na umemaliza: kalisi imerudi, nitrati imepungua. Hapo ndipo maji ya bahari yana nafasi yake, mradi yamechotwa mbali na bandari na midomo ya mito.

Katika kuchagua wanyama, samaki namwacha kwa sababu chakula chake huchafua maji haraka kuliko bakteria wanavyoweza kuyasafisha. Konokono wala-mwani, kamba mmoja au wawili, na matumbawe laini machache vinatosha. Kamba akijivua gamba, mgeni hudhani amekufa. Mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe akisubiri gamba jipya ligumu. Tenganisha matumbawe, kwani aina kama Galaxea hunyosha minyiri mirefu usiku ikamchoma jirani, na Sarcophyton hutoa sumu majini. Dawa ya samaki yenye shaba isikaribie tangi hili, maana huua kamba na konokono.

Tahadhari ninayoiweka juu ya zote ni Palythoa, jamii ya viumbe laini vya rangi nzuri. Baadhi yao wana palitoksini, sumu iliyotenganishwa kwa mara ya kwanza Hawaii mwaka 1971, na ni kati ya sumu kali zaidi za asili. Vaa glavu na miwani, wala usichemshe jiwe lenye viumbe hao. Mvuke wake umewalaza watu hospitali.

Tumbawe la kufugwa lipatikane kwa mfugaji mwenzio, kwa kipande kilichokatwa kwenye tumbawe lililokulia tangini. Biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na kuvunja mwamba ili kupamba kioo ni uharibifu. Vilevile usirudishe kiumbe chochote cha tangini baharini. Nchini Venezuela, Unomia stolonifera, tumbawe laini lenye asili ya Indonesia linalohusishwa na biashara ya matangi, limetanda juu ya miamba na kuyafunika matumbawe ya kienyeji. Usiyoyataka tena mpe mfugaji mwingine, na maji machafu ya tangi yamwage chooni, yasifike kwenye mfereji unaokwenda ufukweni.