Wazo la raia lipimwe kabla ya hatari

Tarehe 25 Julai, 2020, meli ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda mwamba karibu na Pointe d'Esny, kusini-mashariki ya Morisi, nchi iliyo katika Bahari ya Hindi. Tarehe 6 Agosti mafuta yakaanza kuvuja. Takriban tani 1,000 zilimwagika.

Wananchi hawakungoja amri. Walishona mifuko, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakaieleza baharini iwe uzio wa kuzuia mafuta. Wengine walinyoa nywele zao zitumike kuyafyonza. Serikali iliwataka waiachie kazi hiyo, lakini wengi waliendelea.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo penye swali. Je, dola ilipime vipi wazo la raia wakati wa hatari?

Marekani ilikutana na swali hilo mwaka 2010, baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11. Mawazo yalimiminika kutoka kila upande. Mwezi Juni, Walinzi wa Pwani, ambao ni sehemu ya majeshi ya nchi hiyo, walifungua mpango maalumu wa kuyapokea. Yalifika mapendekezo karibu 4,000. Yaligawanywa mafungu: yafaayo mara moja, yanayohitaji uchunguzi zaidi, na yasiyoweza kusaidia kwa wakati ule.

Nywele nazo zilikusanywa kwa wingi na raia wenye nia njema. Hata hivyo wakuu wa operesheni walizikataa. Jaribio lililofanywa Februari mwaka huohuo, yaani kabla ya mlipuko, lilikuwa limeonyesha kwamba uzio wa nywele hujaa maji na kuzama upesi, ilhali ule wa kiwandani hufyonza mafuta zaidi na maji kidogo.

Nguvu ya uamuzi ule ilikuwa katika jaribio lililotangulia maafa. Aliyepima mapema huwa na jibu la kumpa raia. Asiyepima hubaki na amri tupu, na amri tupu haitiiki kwa urahisi.

Morisi haina jeshi. Mzigo wa ulinzi huwaangukia polisi, wakiwamo walinzi wa pwani. Popote pale, askari aliyeko ufukweni ndiye wa kwanza kukutana na raia mwenye wazo mkononi. Hana budi kujua mapema wazo hilo alipeleke wapi, na nani atalijaribu. Asilidharau, wala asilikubali kwa huruma. Maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta yakimwagika baharini ni vigumu zaidi kuyazoa.