Mashine ya Kufua kwa Nyumba Ndogo: Maji na Stima Kwanza, Bei Baadaye

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa miji ya Busia na Malaba kuhusu ununuzi wa vyombo vya umeme vya nyumbani



Ikifika Aprili, kamba za nguo katika ploti za miji hii miwili huwa na kazi ngumu. Nguo huanikwa saa tatu asubuhi, mvua hunyesha saa nane, zinaingizwa ndani, zinatolewa tena kesho yake, na mwishowe sare ya mtoto huvaliwa ikiwa bado na ubichi kwenye ukosi. Malaba ina shida ya ziada. Hata siku ya jua, nguo iliyoanikwa karibu na foleni ya malori hukauka ikiwa imebeba vumbi na moshi. Si ajabu kwamba wakazi wengi wanaulizia ile mashine moja inayofua na kukausha, inayoingia kwenye kona ya nyumba na kutoa nguo tayari kwa kukunjwa.

Mashine hiyo ipo, na inafanya kazi. Lakini kwa nyumba nyingi za chumba kimoja au viwili katika miji hii, hiyo siyo mashine ya kununua. Tatizo haliko kwenye jina la kampuni. Liko kwenye mfereji na kwenye mita ya stima, na hayo mawili hayaonekani mtu akiwa dukani.

Maji ni jambo la kwanza. Mashine inayojiendesha yenyewe huvuta maji kupitia vali ndogo, na vali hiyo haifunguki vizuri maji yakija kwa unyonge. Kijitabu cha mashine hutaja presha ya chini inayohitajika, na mara nyingi ni nusu ya baa. Kwa lugha ya fundi wa mabomba, hiyo ni sawa na tangi lililoinuliwa mita 5 juu ya mashine, kwa sababu kila mita 10 za kimo huleta takriban baa moja. Sasa mtu atoke nje aangalie tangi la ploti yake. Mengi yamekaa juu ya kibao cha mita mbili au tatu. Mashine itajaza polepole, itasubiri, kisha itasimama na kuonyesha alama ya kosa, na mwenye nyumba ataamini ameuziwa mashine mbovu. Si mbovu. Imekosa presha tu. Kwa anayeishi chini katika nyumba ya ghorofa yenye tangi juu ya paa, shida hii huwa ndogo au haipo kabisa. Kwa anayechota maji kwa mtungi, mashine ya aina hiyo inabaki kuwa meza ya kuwekea televisheni, isipokuwa anunue pampu pia.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana: nyingi ya mashine hizi hutumia maji hata wakati wa kukausha. Hewa yenye mvuke unaotoka kwenye nguo hupozwa kwa maji baridi ili mvuke ugeuke maji na kumwagwa. Kwa hiyo siku ambayo mfereji umekauka, mashine haiwezi hata kukausha nguo zilizokwisha kufuliwa kwa mkono.

Jambo la pili ni stima, na hapa inafaa kupiga hesabu. Kilo 5 za nguo za pamba zikishakamuliwa vizuri na mashine bado hubaki na takriban kilo 3 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya nusu ya uniti ya umeme. Ndivyo maji yalivyo, hakuna kampuni inayoweza kuyabadilisha. Kilo 3 zinakaribia uniti 2 kabla ya kuhesabu joto linalopotea, na ukilihesabu, mzigo mmoja hufika uniti 3 au kupita. Familia ya watu watano inayokausha mizigo mitatu kwa wiki itatumia uniti 36 au zaidi kwa mwezi kwa kukausha peke yake.

Nambari hiyo ina uzito kwa sababu ya jinsi Kenya Power inavyotoza. Mteja wa nyumbani ambaye wastani wa matumizi yake hauzidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa kwa kila uniti. Akivuka 30, anaingia kiwango cha pili, na akivuka 100, cha tatu. Nyumba yenye taa, redio, simu na televisheni ndogo inaweza kukaa chini ya 30 mwaka mzima. Mashine ya kukausha huitoa hapo, na kuanzia hapo hata taa inalipiwa kwa bei ya juu. Tokeni ya shilingi 500 inaanza kuisha kabla ya Jumapili na hakuna anayeelewa ni kwa nini.

Na pale ambapo ploti nzima ina mita moja, wapangaji wakichanga pesa za tokeni sawa kwa sawa, mwenye mashine ya kukausha ajiandae kwa kikao. Majirani watavumilia redio ya usiku, lakini hawatavumilia kulipia nguo za mtu mwingine.

Kuna pia suala la nyaya. Kifaa cha joto ndani ya mashine hizi huvuta wati 2,000 hivi. Hiyo ni kazi ya soketi ya ukutani yenye waya wa ardhini uliofungwa na fundi aliyesajiliwa. Haifai kabisa kwa ekstensheni nyembamba inayopita chini ya zulia ikilisha friji na pasi pia. Plagi ikianza kuwa moto mkononi, inatoa onyo.

Basi mtu wa nyumba ndogo anunue nini? Kwa wengi, jibu ni mashine ya mapipa mawili, yenye pipa moja la kufulia na jingine la kukamulia. Bei yake huwa sehemu ndogo tu ya bei ya mashine ya kufua na kukausha. Hujazwa kwa ndoo, kwa hiyo haijali presha. Maji ya sabuni ya nguo nyeupe yanaweza kufulia za rangi, kisha ovaroli, jambo ambalo mama yeyote aliyefua kwa beseni analijua tayari. Stima ikipotea katikati ya kazi, mfuniko unafunguliwa na nguo zinatolewa; ile ya mlango wa mbele hubaki imejifunga na maji yake ndani. Inatumia injini tu bila kifaa cha joto, kwa hiyo mzigo mmoja wa kufua na kukamua hauli hata robo ya uniti. Ubaya wake ni kwamba inahitaji mtu wa kusimama karibu, ahamishe nguo kutoka pipa moja hadi jingine, na asuuze. Anayetoka kazini saa mbili usiku hatapenda.

Pipa la kukamulia ndilo linalostahili pesa. Nguo iliyosokotwa kwa mikono hubaki na maji mengi ajabu, hasa jinzi na blanketi. Ikizungushwa kwa dakika tano, inatoka na ubichi wa kawaida tu, na saa mbili za jua kati ya mvua moja na nyingine zinaweza kutosha. Siku ambayo jua halitoki kabisa, nguo zizungushwe mara mbili, zitundikwe ndani zikiwa zimeachana kwa upana wa kiganja, dirisha liachwe wazi kidogo, na feni ielekezwe kwazo. Feni ya wati 50 ikiwaka usiku kucha, saa 8, inatumia chini ya nusu ya uniti. Ukilinganisha na zile uniti 3, tofauti inaonekana bila kikokotoo.

Kwa nyumba yenye mtoto mchanga kuna neno la ziada. Yuko nzi, wengine humwita nzi wa embe, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini kwenye nyasi. Mayai huanguliwa, na funza huingia kwenye ngozi ya anayevaa nguo hiyo na kutokeza uvimbe kama jipu. Wakazi wa upande huu wanamjua. Nepi na fulana za mtoto zikianikwa nje zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono na lastiki. Pasi ya nusu saa inatumia takriban nusu ya uniti, na stima hiyo haifai kubaniwa.

Wapo ambao mashine kubwa inawafaa kweli: nyumba ya wageni yenye mashuka ya kila siku, familia yenye mgonjwa asiyeamka kitandani, nyumba yenye tangi la juu na mita yake. Hao wasome namba mbili kwenye kibandiko, siyo moja. Mashine inayoandikwa kilo 8 za kufua huenda inakausha kilo 5 tu. Ikijazwa kilo 8 na kuamrishwa kufua na kukausha kwa mpigo mmoja, nguo zitatoka zikiwa na joto na ubichi pamoja, na zitanuka kufikia jioni.

Sasa kuhusu kununua upande wa pili wa mpaka. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze kazi Busia na Malaba, kuvuka kumekuwa rahisi, na bei ya Uganda wakati mwingine huonekana nzuri. Wafanyabiashara wadogo wanaujua utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowasaidia kupitisha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani bila ushuru wa forodha. Lakini utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mahindi, maharagwe na samaki ndiyo mifano yake. Mashine iliyotengenezwa Asia haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala usiku mmoja kwenye duka la Busia, Uganda. Mnunuzi aulize kwenye dawati la forodha kabla ya kulipa, aongeze ushuru kwenye bei, kisha alinganishe. Mara nyingi ile nafuu hupungua sana. Akipita njia za panya, mashine inaweza kukamatwa, na hata isipokamatwa hatakuwa na karatasi ya kuthibitisha ameinunua wapi.

Waranti nayo ina uraia. Kampuni nyingi huiheshimu katika nchi ambako mashine iliuzwa na wakala wao. Anayenunua ng'ambo ya mpaka ajiulize kama ataibeba tena kwa mkokoteni mota ikiungua.

Kwa mashine inayouzwa Kenya, kibandiko cha Shirika la Viwango, KEBS, kiwepo: alama ya ubora kwa iliyotengenezwa nchini, alama ya bidhaa za kuagizwa kwa iliyotoka nje. Risiti iwe ya KRA, yenye jina la duka, tarehe na namba ya mashine. Muuzaji aulizwe fundi wa kampuni yuko wapi. Akisema Nairobi, mnunuzi ahesabu nauli. Akisema Kisumu au Eldoret, afadhali. Spea za mashine za mapipa mawili hazisumbui sana, kwani mkanda, saa ya kuzungusha na kamba ya breki hubadilishwa hata na mafundi wa mtaani. Bodi ya umeme ya mashine inayojiendesha ni habari nyingine, nayo ndiyo huungua kwanza stima ikirudi kwa kishindo. Kinga ya umeme inunuliwe siku hiyo hiyo.

Mitumba ya mashine ipo pia. Pipa lizungushwe kwa mkono. Likinguruma kama kinu, beringi zimekwisha. Mpira wa mlango ukunjuliwe uangaliwe kama una ukungu au mpasuko. Kibandiko cha nyuma kisomwe: kiandike volti 220 hadi 240. Kikiandika 110 au 120, mashine hiyo ilitengenezwa kwa stima ya nchi nyingine na itaungua siku ya kwanza. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele ya mnunuzi, pesa zirudi mfukoni.

Kwa wanaolipa polepole, jumla ya malipo yote iandikwe kwenye karatasi kando ya bei ya taslimu, kabla ya kutia sahihi. Chama cha watu kumi kinachochangiana kila mwezi kinaweza kumfikia kila mwanachama bila riba hata shilingi.

Na mama fua? Wengi wanahofia mashine itawaondolea riziki. Katika miji hii huenda ikawa kinyume, iwapo wao ndio watakaoimiliki. Wanawake watatu wenye mashine moja ya mapipa mawili, tangi, na kamba zilizo chini ya mabati yanayopitisha mwanga wanaweza kuchukua nguo za ploti nzima, mashuka ya nyumba za kulala wageni, na nguo za madereva wanaosubiri kuvuka Malaba siku mbili tatu. Watahitaji kibali cha biashara cha kaunti na shimo la kunyonya maji ya sabuni, yasitiririke barabarani wala kuelekea mtoni.

Anayeuziwa mashine yenye kasoro asiishie kugombana na muuzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaeleza zaidi. Arudi dukani kwanza na risiti, aombe jibu kwa maandishi. Asipolipata, alalamike kwa KEBS kuhusu ubora, au kwa Mamlaka ya Ushindani kuhusu udanganyifu katika uuzaji. Risiti ipigwe picha kwa simu siku ya kununua, kwa sababu wino wa risiti za mashine hufifia kabla ya waranti kuisha.